Mwaka Mnazi Ulipoandikwa Mti

Kyalo alipokufa nilikwenda matangani kwake Shella, Malindi, asubuhi kabla jua halijawa kali. Uani palijaa watu wa kanisani kwake na jamaa waliofika kutoka Ukambani kuusafirisha mwili, na mimi na buibui langu nikapelekwa chumba cha ndani kama mgeni wa heshima, maana yake nikae mbali na masufuria. Humo nikamkuta Mwende, bintiye, amekaa ukingoni mwa kitanda na kompyuta mapajani, macho mekundu, vidole vinakwenda. Akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba na kumpa pole, akasema ameshapoa. Halafu, kwa aibu kidogo, akaniambia kuwa kazini kwao Nairobi hawajui matanga, kuna kitu wanakitaka leo leo, na hicho kitu kinamchezea. Nikamuuliza ni kitu gani. Akanieleza kwa namna watu wanavyowaeleza wazee, bila kutarajia jibu: ana aina moja ya mzazi, na aina nyingine zilizorithi kutoka kwake, na akizigeuza zote ziwe JSON, yaani maandishi ya kupelekewa mashine nyingine, kila mtoto anatoka na mambo ya mzazi tu. Yale yake mwenyewe yanapotea. "Umewapanga wote katika foleni ya mzazi?" nikamuuliza. Akasema ndiyo. "Basi mashine inamwandika mzazi. Hujaiambia imtazame anayepita ni nani." Akanikodolea macho kama amesikia kuku akisoma gazeti. "Nani kakufunza hayo, shangazi?" Nikamwambia ni babake, kwa njia ndefu, na nikamwacha amalize kazi yake. Sikulia siku ile. Nilimpenda Kyalo kama mtu anavyompenda mwenzake wa kazi, kwa kumlalamikia, na nilipokaa pale kitandani nikisikiliza nyimbo za uani, nilichokumbuka si sura yake bali chumba cha Kilifi.

Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya majengo ya serikali, kimegawanywa kwa ubao mwembamba. Upande mmoja alikaa msimamizi wa mradi na simu yake, upande wa pili tulikaa Kyalo, mimi na kompyuta. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, na kompyuta ile ilikuwa na heshima ambayo sijaiona ikipewa binadamu. Ilifunikwa kitambaa cha meza kilichofumwa kwa mkono. Ilikuwa na kiyoyozi chake, kimeelekezwa kwake, na sisi tukipata baridi ilikuwa ni makombo. Watu wa ofisi za jirani walikuwa wakija na visingizio, huyu anatafuta gundi, yule anauliza saa, kumbe wanataka kupoa. Mimi niliajiriwa kupiga chapa, kwa kuwa nilikuwa na vyeti vya taipu na mwendo wa haraka, na ilionekana kibodi ni kibodi. Nilipanga chumba kwa mama mmoja karibu na soko, aliyekuwa akipika mahamri na mbaazi za nazi tangu alfajiri, nami nilikuwa nikipita na kifurushi changu cha gazeti kimelowa mafuta, na Kyalo alikuwa akingoja kifurushi hicho kuliko alivyoningoja mimi.

Huyo Kyalo alikuwa kijana wa bara, mrefu, mwenye shati jeupe analolifua kila jioni kwa sababu alikuwa nalo hilo na jingine. Alikuwa amesomea kuandika programu, na mradi ulimchukua kwa hilo. Nazi ilimshinda miezi ya kwanza. Wali wa nazi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi. Siku moja aliniuliza kwa upole kama kuna chochote huku pwani kinachopikwa kwa maji. Nikamwambia chai. Akacheka, na kuanzia siku ile tukawa tunaelewana, ingawa alizidi kuniudhi kwa Kiswahili chake, yeye mtu wa Machakos, mimi mtoto wa Malindi. Kila akisema "hiyo maneno", mimi nikisema "maneno hayo", yeye alikuwa akiitika, "Ndiyo, hiyo." Mpaka leo nikisikia mtu akisema hivyo moyo unanipasuka kwa hasira na kumkumbuka.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kugawa ardhi. Kulikuwa na mashamba Junju, ng'ambo ya hori la bahari, ambayo watu walikuwa wameyalima kwa vizazi bila hati, na sasa serikali ilikuwa inayapima na kuwapa wenyewe. Kabla ya hati kutolewa, miti ya kila shamba ilipaswa kuandikwa, mnazi, mkorosho, mwembe, na umri wake, ili mtu asije akapewa jasho la mwenzake. Hapo ndipo mambo yalipokuwa na mfupa. Kwa Wagiriama wa kule, kama ilivyo kwa sisi wa mjini tangu zama za mababu, mnazi ni mali peke yake. Mtu aweza kuwa na shamba asiwe na minazi iliyomo, na mwingine aweza kuwa na minazi asiwe na hata shubiri ya ardhi. Minazi huuzwa, huwekwa rehani, hurithiwa, na udongo uko pale pale na mwenyewe mwingine. Kyalo alipoambiwa haya alidhani anafanywa fala. "Kwetu," alisema, "mti ni wa yule ambaye mizizi iko kwake." Nikamwambia kwenu hakuna minazi, na ndiyo maana.

Ili aamini, msimamizi akatutuma tukaone. Tukavuka kwa feri, enzi hizo daraja la Kilifi halijafunguliwa, tukafika Junju jua la saa nne. Mwenye shamba alikuwa mzee Karisa, mtu mkavu mwenye sauti ya chini, na katikati ya shamba lake palisimama minazi mirefu iliyochongwa vikato vya kukwelea. Kyalo akatoa shikamoo kwa mkono wa kulia na wa kushoto, akauliza minazi ni ya nani. "Si yangu," akasema Karisa bila kufikiri. "Babangu alimuuzia marehemu mumewe huyu." Akamwonyesha Mbodze, mjane aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta akisuka kuti, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia, kwenye kiwanja cha shemeji yake, wala hakuwa na shamba popote. Nazi alizouza, makuti aliyosuka, tembo mgema wake alilomgemea, vyote vilitoka katika minazi ile. Kyalo akamuuliza, "Na wewe mama, una shamba wapi?" "Shamba la nini, mwanangu? Mimi nna minazi." Alisema kama mtu aliyeulizwa anavutaje pumzi. Halafu akatukaribisha madafu, akamwambia Kyalo anywe yote maana anaonekana hakulishwa vizuri na mimi. Ferini, njiani kurudi, Kyalo akasema, "Basi hii minazi ikiandikwa kwa Karisa, huyo mama amebaki na nini?" Nikamwambia amebaki na kisu cha kusukia makuti. Akasema itabidi aandike vizuri.

Na aliandika vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Programu yake aliipanga kwa urithi, mtindo uliokuwa mpya siku zile, na akanieleza mara nyingi mpaka nikauelewa bila kutaka. Kulikuwa na aina mama, Mti, yenye mambo ambayo kila mti unayo: namba, umri, shamba ulipo. Chini yake kulikuwa na aina wana, Mkorosho, Mwembe, Mnazi, kila mmoja akirithi yote ya mama na kuongeza yake. Mnazi ndiye aliyekuwa na mambo mengi, mwenye mnazi ni nani, mgema ni nani, kama umewekwa rehani kwa nani. Nilipokuwa nikipiga chapa, mbele yangu kwenye kioo yote yalionekana, jina la Mbodze lipo, la mgema wake lipo. Lakini mashine ya Nairobi, iliyopaswa kuchapa orodha, ilikuwa ya aina nyingine, haikuweza kusoma kumbukumbu ya hii yetu kama ilivyo. Kila mti ulipaswa kugeuzwa kuwa maandishi matupu, msitari baada ya msitari, jina la jambo, nukta mbili, na jambo lenyewe, mtu wa kawaida aweza kusoma, na mashine ya kule ingeyasoma na kuujenga mti upya. Msimamizi alipoiona programu ikifanya kazi alimwita Kyalo profesa mbele ya watu. Mimi nikamnong'oneza kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akaniuliza mgema gani.

Diski ikaenda Nairobi, na karatasi zilizochapwa zikarudi, bunda zito lenye matundu kando. Siku ya kusomwa ilikuwa katika darasa la shule ya msingi huko Junju, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto, akina mama wengi wamesimama nyuma. Msimamizi alisoma kwa sauti ya kanisani. Alipofika shamba la Karisa alisoma namba ya shamba, jina la Karisa, kisha mti, mti, mti, umri huu, umri ule, akapindua ukurasa. Ilikuwa imekwisha. Palikuwa hapana mnazi. Palikuwa hapana mkorosho wala mwembe wa mtu yeyote tangu ukurasa wa kwanza. Ilikuwa miti tu, na kwa kuwa kila mti ulitaja shamba, kila mti ulikuwa wa mwenye shamba. Nilimtazama Kyalo, na uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Mbodze akanyanyua mkono kule nyuma. "Na mimi je?" Msimamizi akapekua mbele na nyuma, akasema, "Mama, jina lako humu hamna." Karisa akainuka kwenye dawati lake dogo akasema minazi si yake, ashasema hivyo kwa vijana waliokuja, na anasema tena. Nilimheshimu sana mzee yule siku ile, na nilimheshimu kwa haki. Msimamizi akamjibu kwamba maneno ya mdomo hayachapwi, atakayepinga aje ofisini Kilifi kabla orodha haijafungwa, na akaendelea na shamba linalofuata.

Mbodze alifika ofisini kesho yake kabla yetu. Akakaa barazani, kikapu pembeni, akasuka kuti. Hakumsumbua mtu. Aliyepita alimwamkia naye akaitika, na alipoulizwa anamngoja nani alisema anangoja minazi yake itoke kwenye hilo sanduku. Ndani, Kyalo alikuwa hanywi chai. Kwenye kioo kila kitu kilikuwepo, Mnazi, mwenye mnazi Mbodze, mgema, yote. Kwenye diski, akiifungua na kuisoma, palikuwa na mti. "Nimeiandikia Mnazi njia yake ya kujiandika," alikuwa akisema, ananionyesha kwa kidole, "hii hapa, inaandika kila kitu, ona." Niliona. Nikamuuliza swali la kijinga, ambalo ndilo peke yake nililoweza: wakati wa kuandika, mashine inaiitaje? Akasema miti yote iko katika foleni moja, kwa hiyo inaita, mti, jiandike, mti, jiandike. "Sasa," nikasema, "ukisimama mlangoni ukaita kwa jina la mama, nani ataitika?" Akacheka kicheko kisicho na furaha, akaanza kupiga chapa. Kosa lilikuwa neno moja aliloliacha, neno la kuiambia mashine isiangalie foleni ni ya nani, imwangalie aliyemo. Bila neno hilo Mama Mti ndiye aliyeitika kila mara, akaandika ya kwake, na wanawe wakapita kimya. Haikumtosha kulitia neno lile. Akaupanga upya uandikaji wote, kila msitari uanze kwa kusema huu ni wa aina gani, maana mashine ya kule isipojua aina itaujenga mti mtupu tena. Halafu mwana amwombe mama aandike ya mama, kisha naye aongeze yake. Saa nane ya usiku umeme ukakatika, kiyoyozi kikanyamaza, tukakaa gizani tukitokwa jasho na kula mahamri yaliyopoa.

Alipomaliza, siku mbili tatu baadaye, tatizo likawa la msimamizi. Tulimsikia kupitia ubao, tusingeweza kutosikia. "Ndiyo bwana. Hapana bwana, mashine haikukosea, ni vijana. Wanasema mnazi si mti." Kimya. "Najua mnazi ni mti, bwana." Kimya kirefu. "Ni desturi zao hawa. Ndiyo. Nitawaambia." Akatokea mlangoni akijifuta shingo, akasema Nairobi wameshaipokea ile ya kwanza, na hawataki nyingine, na kwa maoni ya huko mti ni mti. Kyalo, ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu mkubwa, alifungua mlango wa barazani. Mbodze alikuwa pale, kuti limefika urefu wa mkeka. "Mwambie yeye," Kyalo akasema. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuogopa simu. Alimtazama Mbodze, Mbodze akamwamkia kwa adabu zote na kumuuliza watoto hawajambo, na mwishowe msimamizi akamwambia Kyalo kwamba kama ana nauli yake mwenyewe na diski yake mwenyewe, yeye hajaona kitu. Kyalo akaondoka na basi kesho yake na shati lile jeupe. Aliporudi alikuwa amechafuka kola, na alikuwa na bunda jipya kifuani kama mtoto mchanga. Hakunieleza alichofanyiwa Nairobi, ila alisema alisimama nyuma ya mtu wa mashine mpaka msitari wa Junju ukapita.

Watu wakaitwa tena darasani. Safari hii msimamizi alisoma: shamba la Karisa, mnazi, mwenye mnazi Mbodze, mgema wake fulani, mnazi, mwenye mnazi Mbodze, mnazi, mwenye mnazi Mbodze, hadi watu wakaanza kuitikia naye na yeye mwenyewe akashindwa kuzuia tabasamu. Karisa akasema imesomwa sawa. Mbodze alimshika Kyalo mkono mbele ya watu wote, mkono mgumu wenye makovu ya kisu cha makuti, akamwambia Mungu akupe mke atakayekulisha, na kila mtu akanitazama mimi, jambo lililonichukiza mno. Tulirudi na nazi nyingi hata mtu wa feri alidhani tunakwenda kuuza. Usiku wake Kyalo alikula wali wa nazi sahani mbili bila malalamiko. Nilikuwa na furaha, nalisema wazi, furaha ya kijana aliyeona kazi yake imemgusa mtu mwenye jina, na nadhani tulidhani, sote wawili, kwamba kitu kikishaandikwa chote kimeshakuwa salama.

Hati zilitoka mvua za masika zilipokwisha. Mradi ukafungwa, kompyuta ikahamishwa na kiyoyozi chake, Kyalo akapata kazi Malindi na mimi nikangoja barua ya kazi nyingine. Wiki zile za kungoja nilimkuta Mbodze sokoni Kilifi. Hakuwa na nazi mbele yake. Alikuwa akiuza viazi vitamu vya mtu mwingine, kwa malipo ya siku. Nikamwamkia, nikamuuliza minazi imekuwaje, imepata ugonjwa? Akasema haina ugonjwa, imezaa kweli kweli. Karisa alikuwa amepata hati, akapanda ua wa minyaa kuzunguka shamba lote, kama hati ilivyoonyesha mipaka. Mgema alipokwenda asubuhi alirudishwa. Mbodze alikwenda mwenyewe, akaambiwa kwa upole, Karisa hakuwa na matusi: minazi ni yako, sijakataa, imeandikwa, lakini njia ya kuifikia imeandikwa wapi? Na nazi zikianguka? Zilizo juu ni zako, alimwambia, zikishagusa chini ziko kwangu. Huko nyuma hakuna mtu aliyewahi kuandika njia, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuizuia. Nilikwenda mbio posta nikampigia simu Kyalo Malindi. Alisikiliza. Akasema ingekuwa rahisi, msitari mmoja tu, angeongeza chini ya Mnazi kitu kinachoitwa njia, kingeandikwa pamoja na vingine. Kisha akasema, "Lakini imeshafungwa, Mwanasha."

Nilirudi sokoni kumwambia, sijui nilitaka kumwambia nini. Mbodze alikuwa akimpimia mtu viazi. Nikamuuliza kama hata sasa anaweza kuifikia minazi yake kwa vyovyote, kwa kuomba, kwa shemeji, kwa chifu. Akamaliza kupima, akafunga kifurushi, akanipa mimi kiazi kimoja cha zawadi.

"Naiona," akasema. "Kutoka mlangoni kwangu naiona yote."